Gari Likivuja Maji Miguuni pa Abiria

(Mazungumzo na vikundi vya wahitimu wa kisomo)

Ndugu wana-kisomo,

Leo tunataka tuzungumze juu ya gari. Huenda mwingine atasema, "Mimi sina gari. Mazungumzo haya yananihusu nini?" Yanakuhusu sana. Gari linalokuja kijijini kuchukua mahindi yako ni kuukuu. Gari linalompeleka mgonjwa hospitali usiku ni kuukuu. Pengine ni gari la ushirika wenu, mlilolinunua kwa kuchangishana. Injini ikifa, hasara si ya dereva peke yake. Hasara ni yetu sote.

Gari kuukuu lina magonjwa mengi. Leo tutachukua ugonjwa mmoja tu, tuuelewe vizuri. Ni ugonjwa wa hita kuvuja. Tumeuchagua kwa sababu tatu. Kwanza, unajificha. Pili, unaua injini polepole. Tatu, mtu anayejua kusoma, kuandika na kuhesabu anaweza kuugundua mapema, hata kama hajawahi kushika spana.

Hita ni kitu gani?

Injini ikifanya kazi hupata moto, kama sufuria iliyo juu ya mafiga. Isipopozwa, vyuma vyake vitapinda na kuharibika. Kwa hiyo maji huzungushwa ndani yake. Pampu huyasukuma. Maji huchukua joto la injini, huenda kwenye rejeta iliyo mbele ya gari, hupozwa na upepo, kisha hurudi tena kwenye injini. Ndiyo kazi yao mchana kutwa.

Sasa, hita ni rejeta ndogo. Ukubwa wake ni kama wa kitabu kinene. Katika magari mengi imefichwa chini ya deshibodi, mbele ya miguu ya abiria. Katika magari mengine imewekwa chini ya boneti. Mipira miwili imeunganishwa nayo. Mmoja huleta maji ya moto kutoka kwenye injini, na wa pili huyarudisha. Feni ndogo hupuliza hewa katikati ya vijitundu vya hita, na hewa ile huingia kwa abiria ikiwa na joto.

Hita ina kazi mbili: kuwapasha watu joto, na kuondoa ukungu katika kioo cha mbele. Wenzetu wa Makete na Njombe wanaijua kazi hiyo. Mwezi wa Juni na Julai baridi huko ni kali, na katika uwanda wa Kitulo umande hugeuka barafu usiku. Dereva asipokuwa na hita asubuhi, haoni njia.

Wenzetu wa Tabora na Dodoma watasema, "Sisi tuna jua la kutosha, hita ya nini?" Hapo ndipo hatari ilipo. Katika magari mengi maji hupita ndani ya hita hata kama hukuiwasha tangu ununue gari. Hita usiyoitumia inaweza kutoboka na kumwaga maji ya injini yako yote. Usiseme hainihusu.

Kwa nini inatoboka?

Sababu ya kwanza ni maji mabaya. Tazameni birika la chai. Mkichemshia maji ya chumvi kila siku, ndani yake hushika ukoko mweupe. Ndivyo ilivyo ndani ya injini. Maji ya kisima chenye chumvi huacha ukoko. Maji ya mto huacha tope. Maji matupu, yasiyo na dawa, huleta kutu. Njia za hita ni nyembamba sana, kwa hiyo ndizo huziba na kulika mapema.

Sababu ya pili ni barabara zetu. Mtikisiko wa kila siku hulegeza viungo vilivyolehemiwa. Sababu ya tatu ni uzee. Mipira hukauka na kupasuka, bano hulegea. Mara nyingine hita yenyewe ni nzima, ni bano tu limelegea. Kwa hiyo tusikimbilie kununua hita kabla ya kutazama mipira na bano.

Dalili zake

Dalili ni hizi:

1. Maji ya rejeta yanapungua, lakini chini ya gari hapana tone.
2. Zulia au bati la chini, mbele ya miguu ya abiria, limelowa.
3. Kioo cha mbele kinashika ukungu kwa ndani, na ukiupangusa unabaki utando unaonata.
4. Ndani ya gari kuna harufu tamutamu, kama ya dawa, hasa hita ikiwashwa.
5. Geji ya joto inapanda gari likipanda mlima.

Lakini maji miguuni yanaweza kuwa ya mvua. Tutajuaje? Chukueni gazeti mlilokwisha kulisoma. Kausheni pale chini, halafu litandikeni pale jioni gari likiwa limesimama. Asubuhi litazameni. Kisha washeni injini, iache ipate moto, litazameni tena. Ikiwa gazeti hulowa siku ya mvua tu, tafuteni tundu la mvua. Ikiwa hulowa injini ikiwa na moto, hata wakati wa kiangazi, basi ni hita. Gusa maji yale kwa kidole. Yakiwa na rangi, au yananata, yana dawa ya rejeta. Usiyaonje! Tutaeleza sababu baadaye.

Daftari liliondoa ugomvi

Tuchukue mfano. Tuseme kijiji kina gari la ushirika. Kila safari dereva anaomba maji. Mwenyekiti amechoka.

"Kijana, kila siku maji, maji. Unayapeleka wapi?"

"Mzee, mimi naongeza tu. Nimelala chini ya gari, sioni linapovuja."

"Basi unaliendesha vibaya."

Hapo ugomvi unaanza. Wengine wanataka dereva afukuzwe. Lakini katibu wa ushirika ni mama aliyejifunza kusoma ukubwani. Anasema, "Ndugu Mwenyekiti, tusigombane. Tuandike."

Anachora mistari katika daftari: siku, safari, maji yaliyoongezwa. Chupa ya lita moja inatumika kupimia. Baada ya juma moja daftari linasema hivi: Jumatatu, nusu lita. Jumatano, lita moja. Ijumaa, lita mbili. Chini yake ameandika pia: "Ijumaa abiria wa mbele alilalamika kitenge kimelowa. Mvua haikunyesha."

Haya, tuhesabu pamoja. Nusu, na moja, na mbili, ni lita tatu na nusu. Kama gari hilo hubeba lita 10 za maji, basi zaidi ya theluthi imepotea katika juma moja. Tena tazameni mwendo wake. Kila mara kiasi kinazidi maradufu. Maana yake tundu linapanuka. Likiachwa, safari moja ijayo maji yote yatakwisha njiani.

Daftari hilo limemwokoa dereva asifukuzwe bure. Limewaokoa wanakijiji na hasara ya injini. Na limewaonyesha mahali pa kutafuta, yaani pale kitenge kilipolowa.

Maji yakiisha, injini hupata moto kupita kiasi. Silinda hedi hupinda au kupasuka. Gasketi yake huungua, maji na oili vikachanganyika. Ukiona oili imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, au mapovu yanatoka mfululizo kwenye rejeta injini ikiwaka, ugonjwa umekwisha vuka hita. Hapo gharama yake si ya mpira na bano tena.

Kwanza usalama

Ndugu zetu, watu wengi wameungua nyuso na mikono kwa kufungua kifuniko cha rejeta yenye moto. Tueleze kwa nini. Maji yaliyofungiwa ndani ya rejeta yana mgandamizo. Yanaweza kupita nyuzi 100 za Selsiasi bila kuchemka. Ukifungua kifuniko, mgandamizo unaondoka, na maji yanachemka papo hapo na kuruka juu. Katika nchi ya juu ni hatari zaidi. Mahali palipo mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi.

Kwa hiyo zima injini, ngoja. Ngoja nusu saa, hata saa nzima. Mpira mkubwa wa rejeta ukishikika kwa mkono bila kukuunguza, funika kifuniko kwa kitambaa kinene, kilegeze kidogo, sikiliza. Hewa ikiisha kutoka, ndipo ufungue. Usimwage maji baridi juu ya injini yenye moto, wala usiyatie ndani kwa haraka. Chuma chaweza kupasuka.

Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20. Msimpake mafuta, wala dawa ya meno. Mfunikeni kwa kitambaa safi na mumpeleke zahanati.

Hita ikipasuka safarini

Mko njiani, kijiji ki mbali, mvuke unatoka chini ya deshibodi. Mnaweza kuikata hita isipate maji, mkafika. Fanyeni hivi:

1. Simamisha gari mahali pa salama. Teremsha abiria. Zima injini, ngojea ipoe.
2. Fungua kifuniko kwa uangalifu kama tulivyosema. Punguza maji kidogo, yakinge katika chombo.
3. Fungua boneti. Tafuta mipira miwili midogo inayoingia katika ukuta ulio kati ya injini na abiria. Hiyo ndiyo ya hita.
4. Legeza bano kwa bisibisi. Zungusha mpira taratibu ili ujibandue. Usiuvute kwa nguvu, kwa kuwa vibomba vya hita ni laini na huvunjika. Ukikataa, upasue kwa kisu kwa urefu.
5. Unganisha mipira hiyo miwili kwa kipande cha bomba la chuma kinachoenea vizuri ndani yake. Funga bano kila upande. Sasa maji yanatoka kwenye injini na kurudi bila kupita katika hita.
6. Hakikisha mpira haukupinda kama shingo ya kuku aliyechinjwa, wala haugusi feni au bomba la moshi.
7. Jaza maji polepole. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, acha hewa itoke, ongeza maji, kisha funga.
8. Endesha pole. Baada ya kilomita chache simama utazame kama panavuja. Endelea kutazama geji.

Wengine huziba mpira kwa kijiti. Kijiti hakifai. Maji yakishika mgandamizo, kijiti huruka, na maji huisha.

Njia hii ni ya kuwafikisha nyumbani. Kwa mtu wa Tabora, gari linaweza kukaa hivyo kwa muda mrefu bila shida. Kwa mtu wa Makete, haifai iwe ya kudumu. Dereva asiyeona mbele kwa ukungu ni hatari kuliko hita mbovu. Mpaka hita itengenezwe, afungue dirisha kidogo, apanguse kioo, na asubiri ukungu upungue ndipo aondoke.

Kazi ya gereji

Kuitoa hita katika magari mengi ni kazi kubwa kuliko kuitengeneza. Inabidi deshibodi ifunguliwe. Kazi inaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Kwa hiyo mkipatana na fundi, mpatane kwa kazi yote, mwandike katika karatasi: nani ananunua vipuri, kazi itaisha lini, malipo ni kiasi gani.

Fundi aanze kwa kufungua waya wa betri. Halafu kila anachofungua kiandikwe namba. Parafujo za kila mahali ziwekwe katika kopo lake. Kijana wa kisomo anaweza kusaidia hapa kwa kuchora picha ndogo ya kila waya na mahali pake. Magari mengi hutoka gereji yakiwa na parafujo zilizobaki mkononi. Si kwamba fundi ni mwizi. Hakuandika.

Hita ikitoka, ipimeni. Jambo hili kila mwenye baiskeli analijua. Zibeni kibomba kimoja, tieni hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli katika kile cha pili, itumbukizeni katika beseni la maji. Mapovu yakitoka, hapo ndipo pana tundu. Msitie hewa nyingi, mtaipasua.

Hita za zamani nyingi ni za shaba. Hizo zinalehemika. Fundi asafishe mpaka shaba ing'ae, kisha aweke lehemu. Asitumie moto mkali wa kuchomelea vyuma, maana utayeyusha na viungo vizima. Kazi hiyo ifanywe nje penye upepo, mbali na watoto, kwa sababu lehemu nyingi zina risasi, nayo ni sumu. Anawe mikono kabla ya kula.

Lakini ikiwa shaba imelika kila mahali, kiraka hakitadumu. Leo utaziba hapa, kesho patatoka pale. Na kama hita ni ya alumini, lehemu ya kawaida haishiki. Katika hali hizo mbili, kubadilisha ndiyo nafuu. Mkienda mjini kununua, nendeni na ile ya zamani mkononi. Pimeni urefu, upana, unene, na vibomba vinatokea upande gani. Kama ni ya mitumba, iingizeni katika beseni kabla hamjatoa fedha.

Kabla ya kuifunga, injini nzima isukutuliwe kwa maji safi mpaka maji yatoke meupe. Kutia hita mpya katika injini yenye tope ni kama kumvisha mtu shati safi bila kuoga. Badilisheni na mipira na bano pia. Ni vitu vya bei ndogo, na deshibodi haifunguliwi kila siku. Mkijaza maji, liwekeni gari pua ikielekea juu mlimani, na mkono wa hita uwe upande wa moto, ili hewa yote itoke. Jaribuni kwanza kama panavuja, ndipo mrudishe deshibodi.

Dawa za uongo na dawa ya kweli

Wako watu watakaowaambia, "Tieni yai bichi ndani ya rejeta, litaziba." Wengine hutia unga au pilipili manga. Ni kweli, pengine tundu huziba. Lakini yai halichagui. Huziba tundu, huziba na vijia vyembamba vya rejeta. Umeponya kidole, umeua mkono.

Dawa ya kweli ni kinga. Iko dawa ya rejeta, wenyewe huiita kulanti. Huzuia kutu, huzuia maji kuganda kwa baridi, na huyachelewesha kuchemka. Soma maandishi ya kwenye kopo uone kiasi cha kuchanganya na maji. Tumia maji laini na safi. Maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa ni bora kuliko ya kisima cha chumvi.

Lakini sikilizeni vizuri, ndugu zetu. Kulanti nyingi ni sumu kali. Tena ina ladha tamu na rangi ya kupendeza kama soda. Mtoto huinywa, mbwa huilamba. Huharibu figo na huua. Ndiyo sababu tulisema usionje. Msiiweke katika chupa ya soda. Ya zamani msiimwage uani, wala karibu na kisima. Ikingeni katika dumu, lifungeni, liandikeni SUMU kwa herufi kubwa, na mliweke mbali na watoto. Mtu akiinywa, hata kama anaonekana mzima, msimtapishe. Mkimbizeni hospitali mara moja na kopo lake.

Neno la mwisho

Ndugu wana-kisomo, tulipojifunza kuandika majina yetu, wengine walituuliza, "Itawasaidia nini?" Jibu mojawapo ni hili. Gari haliwezi kusema linaumwa wapi. Lakini daftari la maji linaweza kusema kwa niaba yake. Nunueni daftari moja, lifungieni kamba, likae ndani ya gari la kijiji. Kila maji yakiongezwa, yaandikwe. Usiku mama mjamzito atakapohitaji kufikishwa hospitali, gari liwe na maji yake.

Kazi njema.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mtu wa nchi ya joto naye aitazame hita ya gari?
2. Tutatofautishaje maji ya mvua na maji ya hita?
3. Gari linabeba lita 12 za maji. Limepoteza lita 3. Ni sehemu gani ya maji yote?
4. Katika kijiji chenu, nani ataandika daftari la gari, na nani atalikagua?
5. Makopo ya sumu nyumbani kwenu yanakaa wapi? Mtoto anayafikia?